Mawe Yanayoshika Kingo: Kwa Nini Mito na Fuo Zetu Hubadilisha Umbo

Haya ni maelezo yaliyotolewa na afisa wa maji na mazingira kwa wakazi wa kandokando ya mito, katika baraza lililofanyika kabla ya mvua za masika. Tunayachapisha pamoja na baadhi ya maswali yaliyoulizwa siku hiyo, ili yawafae hata wale ambao hawakuweza kufika.

Najua wengine mmetoka mbali, na wengine lori zinawasubiri, kwa hivyo nitaingia moja kwa moja kwenye jambo lililotuleta.

Katika mikutano ya namna hii husikia malalamiko ya aina tatu. Mkulima husema mto umekula shamba lake, na mahali alipopanda migomba sasa ni genge. Mama husema zamani alifukua mchanga wa mto kwa mkono akapata maji, na siku hizi anachimba hadi kiunoni. Kijana naye husema mchanga ndio unaomlipia karo na kodi ya nyumba, na kila akigeuka anafukuzwa. Watu hawa watatu hukaa hapa wakitazamana kama mahasimu. Nataka kuwaonyesha kwamba wanazungumza juu ya kitu kimoja: mawe na mchanga ulio chini ya mto, ukubwa wake, umbo lake, na jinsi ulivyochanganyika. Tukikielewa kitu hicho, tutajua mahali pa kuchimba na mahali pa kuacha.

Kwanza tukubaliane kuhusu maneno. Yale yote yanayobebwa na maji kisha yakatua huitwa mashapo. Mashapo yana madaraja. Tope na udongo wa mfinyanzi ni laini kiasi kwamba huwezi kuziona punje zake kwa macho. Mchanga ni punje unazoziona na kuzihisi kati ya vidole, na punje kubwa kabisa ya mchanga haizidi milimita 2. Kutoka hapo hadi jiwe la ukubwa wa chungwa dogo, yaani milimita 64 hivi, ni kokoto. Zaidi ya hapo ni mawe, mpaka yale majabali ambayo hata watu wanne hawawezi kuyasogeza. Mahali ambapo kokoto zimejilundika kando ya mto au bwawa tutapaita ufuo wa kokoto. Zikijilundika katikati ya mto au kwenye kona yake, hilo ni fungu.

Sasa tuanze na ukubwa. Wengi wetu hufikiri kwamba maji hubeba kwanza kilicho laini zaidi, kisha kilicho kikubwa. Mwaka wa 1935 msomi mmoja wa Uswidi, Filip Hjulström, alionyesha kwamba mambo si hivyo kabisa. Udongo wa mfinyanzi ukishatulia na kukaza hushikana, kama ugali uliopoa, na maji hupata taabu kuung'oa. Jiwe nalo hukaa kwa uzito wake. Kilicho rahisi zaidi kung'olewa ni mchanga, kwa sababu hauna uzito wa jiwe na haushikani kama mfinyanzi. Kwa hivyo ukingo wa mchanga mtupu, usio na mizizi wala mawe mbele yake, ndio ukingo dhaifu kuliko yote. Nitarudi kwenye jambo hili.

Hapa mbele nina karai mbili zilizoinamishwa. Moja ina kokoto zilizooshwa na nyingine ina mchanga mwembamba wa kupigia plasta. Namwaga jagi moja la maji juu ya kila karai. Tazameni. Kwenye kokoto maji yamezama papo hapo, na hakuna jiwe lililosogea. Kwenye mchanga maji kidogo yamezama, na mengi yameteremka kwa juu yakichora mfereji na kuusukuma mchanga chini.

Ndivyo inavyokuwa kwenye ufuo. Wimbi linapopanda juu ya kokoto huja na nguvu na kusukuma mawe juu. Kisha maji huzama katikati ya mawe, na yanayorudi chini ni machache, hayana nguvu ya kuyarudisha mawe. Mawe hubaki juu na kujenga tuta. Kwa sababu hiyo ufuo wa kokoto huwa na mteremko mkali, mara nyingi ukishuka mita 1 kwa kila mita 5 hadi 10 za kwenda mbele. Ufuo wa mchanga mwembamba hauzamishi maji upesi. Wimbi hurudi na nguvu zake na kuuvuta mchanga, kwa hivyo ufuo hulala bapa na unaweza kutembea hatua nyingi bila maji kufika magotini.

Tukiingia kwenye mchanganyiko, mambo hugeuka. Debe lililojaa kokoto tupu halijajaa kweli. Ukimimina maji ndani yake utaona yanaingia mengi, karibu theluthi moja ya debe, kwa sababu kati ya jiwe na jiwe kuna nafasi. Sasa mchanga ukiingia kwenye ufuo wa kokoto na kuziba nafasi hizo, ukifika kama theluthi ya mchanganyiko wote, maji hayazami tena kama mwanzo. Kwa macho bado ni ufuo wa kokoto, lakini umeanza kuwa na tabia ya mchanga. Unalegea na kulala bapa, na wimbi au mafuriko huuvuta kwa urahisi. Kwa hivyo tukitaka kujua kama ufuo utahimili masika, lazima tuchimbe kidogo tuone kilichoko chini ya mawe ya juu.

Baada ya hapo ni umbo la jiwe. Chukua jiwe la mviringo na jiwe bapa lenye uzito ule ule. La mviringo likisukumwa hujiviringisha. Jiwe bapa hulala na kujishika. Kwenye fuo zenye mawimbi, mawe bapa hubebwa hadi juu na kubaki huko, na ya mviringo hujiviringisha kurudi chini karibu na maji. Mtafiti Bluck aliieleza hali hiyo mwaka wa 1967 baada ya kuchunguza fuo za kusini mwa Wales. Kwenye mto mawe bapa hufanya jambo jingine lenye faida kubwa kwetu. Yanalaliana kama vigae vya paa, kila moja likiegemea lenzake, na nyuso zake zikielekea upande maji yanakotoka. Maji yakija yanayakandamiza badala ya kuyang'oa. Mkienda mtoni leo, tazameni mafungu ya kokoto mtayaona yamejipanga hivyo. Kazi hiyo imefanywa na mafuriko ya miaka mingi.

Jambo la nne ni gamba. Mto wa kokoto, maji yakiwa ya kawaida, huondoa mchanga wa juu na kuacha mawe makubwa. Baada ya muda juu panabaki tabaka moja au mawili ya mawe yaliyoshikana, na chini yake kuna mchanga na kokoto ndogo. Tabaka hilo la juu ni kama gamba la kobe. Linalinda kila kitu kilicho chini yake. Mafuriko ya kawaida hupita juu yake bila kufanya kitu. Lakini mtu akiliondoa gamba kwa sepetu au tingatinga ili afikie mchanga mzuri ulio chini, amefungua mlango. Mvua ya kwanza tu, hata ikiwa ndogo, itabeba kilichokuwa kimefunikwa. Mto utashuka chini, kingo zitabaki zikining'inia, na kingo zinazoning'inia huanguka. Hapo ndipo migomba ya yule mkulima ilipokwenda.

Sasa tuyalete haya kwenye mito yetu wenyewe, maana mito ya Embu na Meru haifanani kutoka juu hadi chini.

Sehemu za juu, kuanzia msitu wa Mlima Kenya na vilima vya Nyambene, ardhi yetu ni ya volkeno. Mlima Kenya ulikuwa volkeno hai yapata miaka milioni 3 iliyopita. Kwa hivyo mawe ya Rupingazi, Thiba, Thuci na Kathita huko juu ni meusi au ya kijivu, mazito, yaliyoviringishwa na maji ya kasi. Mchanga si mwingi huko, na kinachotoka mashambani ni udongo mwekundu ambao hugeuza mto kuwa rangi ya chai wakati wa mvua. Udongo huo ni laini, na haukai juu, husafiri mbali.

Ukishuka kuelekea Mbeere na upande wa Tharaka, unaiacha ardhi ya volkeno na kuingia kwenye miamba mikongwe mno, ya zaidi ya miaka milioni 500. Miamba hiyo ikimomonyoka hutoa mchanga mkavu, mkubwa, mweupe au wa rangi ya waridi, wenye vipande vinavyometameta juani. Huo ndio mchanga ambao mafundi wanaupenda, kwa sababu hauna udongo mwingi na unashikana vizuri na saruji. Na huko ndiko mvua ni chache na mito mingi midogo ni ya msimu. Mchanga huo ndio ghala la maji la watu wa huko. Mchanga wenye punje kubwa huhifadhi maji katikati ya punje, mbali na jua, na huyaachia kwa urahisi anapokuja mtu na ndoo. Ukiuondoa, mto hubaki mwamba mtupu, na maji ya mvua hupita siku hiyo hiyo yakaenda Tana. Ndiyo sababu yule mama sasa anachimba hadi kiunoni.

Kisha kuna mabwawa. Mto Tana, kwenye mpaka wa Embu na majirani zetu, una mabwawa matano ya umeme: Kindaruma lililoanza kazi mwaka wa 1968, Kamburu katika miaka ya 1970, Gitaru mwaka wa 1978, Masinga mwaka wa 1981 na Kiambere mwaka wa 1988. Masinga ndilo kubwa kuliko yote, na lilijengwa liweze kushika maji ya mita za ujazo milioni 1,560. Mto unapoingia kwenye bwawa hupoteza kasi ghafla. Kokoto na mchanga mkubwa hutua kwanza, pale pale mlangoni. Tope huenda mbele na kutua karibu na ukuta. Mashapo ya Rupingazi huingia Thiba, na Thiba humwaga kwenye Kamburu. Kwa hivyo udongo uliotoka kwenye shamba lisilo na matuta kule juu haukupotea. Uko chini ya Kamburu, ukichukua nafasi ya maji ya kuzalisha umeme.

Fuo za mabwawa haya nazo zinasonga. Kiwango cha maji hupanda na kushuka kulingana na mvua na matumizi. Upepo hupiga mawimbi, mawimbi huosha udongo na mchanga mwembamba, na huacha mstari wa kokoto. Maji yakishuka, mstari mwingine hujengeka chini yake. Ndiyo maana kiangazi mnaona ufuo una vidato kama ngazi. Kisha huja mwaka kama 2024, wakati wa masika, mabwawa yanajaa hadi yanafurika, na ngazi zote hufunikwa na kupangwa upya. Mtu aliyelima kwenye vidato hivyo akidhani ni ardhi kavu ya kudumu amelima kwenye kitanda cha bwawa. Na huko chini ya kuta za mabwawa, maji yanayoachiwa yameshaacha mashapo yake nyuma. Maji ya namna hiyo yana njaa. Yanatafuta cha kubeba, na huanza kula sakafu na kingo za mto.

Labda mtu atasema hayo ni maneno ya vitabuni. Nitawapa mfano mmoja uliotokea kweli, mbali na hapa, lakini mantiki yake ni ile ile. Katika pwani ya Devon, kusini magharibi mwa Uingereza, kulikuwa na kijiji cha wavuvi kiitwacho Hallsands. Nyumba zake zilijengwa kwenye mwamba, na mbele yake kulikuwa na ufuo mpana wa kokoto. Mwaka wa 1897, kwa ajili ya kupanua gati za jeshi la wanamaji kule Plymouth, kokoto zilianza kuchimbwa baharini mbele ya kijiji hicho zikachanganywe na saruji. Zilichukuliwa zaidi ya tani 600,000. Waliochimba waliamini bahari ingeleta nyingine. Lakini kokoto zile zilikuwa zimeletwa zamani sana, bahari ilipopanda mwishoni mwa enzi ya barafu, na hapakuwa na chanzo cha kuleta nyingine. Ufuo ulishuka kwa mita kadhaa. Wanakijiji walilalamika, na mwaka wa 1902 kibali kikafutwa. Ilikuwa wamechelewa. Januari 1917 dhoruba ilikuja kutoka mashariki ikiwa na maji makubwa, na hapakuwa na kokoto za kuizuia. Watu walinusurika, lakini kijiji kilibomolewa, na nyumba moja tu ndiyo iliyobaki ya kukalika.

Swali ambalo watu wa Hallsands hawakuulizwa ndilo nataka tujiulize hapa: je, mawe haya tunayoyachukua, yatarudi? Na yatakayorudi, yatakuwa ya aina ile ile? Mchanga wa mto wa msimu unaweza kurudi baada ya masika mazuri. Mawe makubwa ya gamba hayarudi kwa masika moja, wala mbili. Yaliletwa na mafuriko makubwa ya nadra, na yakapangwa polepole. Ukitoa mchanga pekee na kuacha mawe, mto unaweza kujirekebisha. Ukitoa vyote, mto utajirekebisha kwa kutumia ardhi yako.

Sasa tunataka nini? Hatukuja kusema kazi ya mchanga ikome. Nyumba, shule na barabara zinahitaji mchanga, na vijana wanahitaji kazi. Tunaomba ifanywe kwa kufuata tabia ya mto.

Moja, chukueni kwenye fungu lililo upande wa ndani wa kona, mahali ambapo mto wenyewe unatua mzigo wake. Msiguse upande wa nje wa kona, kwa sababu hapo ndipo maji yanapiga, na hapo ndipo ukingo unapoanguka.

Mbili, msichimbe ukingo. Kanuni za maji za nchi yetu zinatenga kipande cha ardhi kando ya mto, kisichopungua mita 6 na kisichozidi mita 30 kutoka alama ya juu ya mafuriko. Kipande hicho si cha kulima wala cha kuchimba. Acheni nyasi, matete, mianzi na miti ya asili isimame hapo. Mizizi hushika mchanga ambao hauwezi kujishika wenyewe.

Tatu, mkikuta gamba la mawe, liacheni. Ikibidi kulisogeza ili mfikie mchanga, yarudisheni mawe makubwa juu mnapomaliza. Msipakie mawe ya mto kwenye lori pamoja na mchanga.

Nne, msishuke chini ya kiwango cha maji ya kiangazi. Shimo refu katikati ya mto haliziki pale lilipo; hupanda juu mtoni kila mafuriko, likibomoa njiani.

Tano, kaeni mbali na madaraja, vivuko, mabomba na vituo vya kuchotea maji. Nguzo ya daraja imesimama kwenye mashapo hayo hayo. Mashapo yakishuka, msingi unabaki wazi.

Sita, fuateni sheria. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999, kifungu cha 42, inazuia kuchimba mtoni au ziwani bila idhini. Mamlaka ya NEMA ilitoa mwongozo wa kitaifa wa uchimbaji mchanga mwaka wa 2007. Makueni, majirani zetu katika taabu hii, walipitisha sheria yao ya kuhifadhi mchanga mwaka wa 2015. Kikundi kilichosajiliwa, chenye eneo lililokubaliwa na jamii, kina nguvu ya kumkataza dalali anayekuja usiku na tingatinga. Mtu mmoja mmoja hana nguvu hiyo.

Na kwa wakulima wa juu: matuta na nyasi ya nepia mashambani ni sehemu ya kazi hii hii. Udongo wenu ndio unaoziba nafasi kati ya kokoto za watu wa chini, na kuigeuza fuo yao imara kuwa tope. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Huku kwetu ufa uko shambani, na ukuta unajengwa mtoni, kwa gharama kubwa.

Maswali ya wakazi

Kijana mmoja mpakiaji mchanga aliuliza: "Afande, mimi kila masika huona mchanga umejaa tena. Sasa tunaambiwa unaisha. Unaisha vipi?"

Jibu: Ndugu yangu, umeona sawa. Mchanga hurudi. Lakini angalia mambo mawili. Kwanza, ni mchanga wa aina gani uliorudi? Kama zamani ulikuwa mkubwa na mweupe na sasa ni mwembamba wenye udongo mwekundu, hiyo si bidhaa ile ile, na mnunuzi atakulipa kidogo. Pili, umetoka wapi? Pengine ni ukingo wa jirani yako wa juu ulioporomoka. Mto ukionekana umejaa si lazima uwe mzima.

Mkulima mmoja alisema: "Mimi nilijaza magunia mchanga nikapanga kwenye ukingo. Maji yalichukua yote. Nifanye nini?"

Jibu: Pole sana mzee. Gunia la mchanga likipasuka limebaki mchanga, na tumeshasema mchanga ndio unaong'olewa kwa urahisi. Kinachoshika ni mawe yenye pembe, makubwa na madogo yakichanganywa ili yajifunge, yakianzia chini kabisa kwenye kisigino cha ukingo, si juu. Vikapu vya waya vilivyojazwa mawe husaidia, lakini vikiwekwa vibaya vitasukuma maji kwa jirani wa ng'ambo. Kwa hivyo zungumza na jirani huyo na na ofisi ya maji kabla ya kuanza. Na panda mara moja nyuma ya mawe, mvua ikiwa bado inanyesha, ili mizizi ishike.

Mama mmoja aliuliza: "Je, ule ukuta wa kuzuia mchanga, kama wa kule Ukambani, unaweza kutufaa sisi?"

Jibu: Ndiyo mama, mahali panapofaa. Kitui na Machakos wana kuta nyingi za namna hiyo. Ukuta wa zege hujengwa kukatisha mto wa msimu juu ya mwamba, mchanga hujaa nyuma yake, na maji hukaa ndani ya mchanga hadi kiangazi. Lakini hufanya kazi tu pale mto unapoleta mchanga mkubwa. Mto unaoleta tope utajaza ukuta huo tope, na tope halitoi maji. Kwa hivyo kabla ya kujenga tunachimba shimo na kuangalia punje. Mito ya msimu ya Mbeere inafaa zaidi kuliko ile ya udongo mwekundu kule juu.

Mwalimu wa shule ya upili aliuliza: "Wanafunzi wanaweza kusaidiaje?"

Jibu: Wanaweza sana, mwalimu. Kuna njia rahisi iliyoelezwa na Mmarekani Wolman mwaka wa 1954, na inatumika hadi leo. Mwanafunzi anatembea juu ya fungu la kokoto, na kila hatua anaokota jiwe lililo mbele ya kidole chake cha gumba la mguu, bila kuchagua. Anapima upana wake wa katikati kwa rula na kuandika. Akifika mawe 100, darasa linayapanga kwa ukubwa. Rudieni mahali pale pale kabla ya masika na baada ya masika. Mkiona mawe yanazidi kuwa madogo mwaka hadi mwaka, gamba linaondoka. Ongezeni vigingi vilivyopakwa rangi kwenye ukingo, mpime umbali hadi maji, na mpige picha kwa simu mkisimama mahali pale pale. Fanyeni hivyo wakati maji ni machache tu, mkiwa na mtu mzima, na msikaribie Tana na mabwawa yake bila mwenyeji, kwa sababu ya mamba na viboko. Vitabu vyenu vya vipimo vitatusaidia kuamua ni eneo gani lifunguliwe kwa uchimbaji na lipi lipumzishwe.

Mwisho, mzee mmoja aliuliza kwa kifupi: "Sasa mwenye mto ni nani?"

Jibu: Mzee wangu, Katiba yetu, kifungu cha 62, inasema mito na maziwa ni ardhi ya umma. Maana yake ni kwamba aliye juu hana haki ya kuuharibu kwa aliye chini, na aliye na lori hana haki kuliko aliye na ndoo. Kabla ya masika haya, kila kijiji kichague watu wa kwenda mtoni pamoja: mkulima, mchimbaji na mchota maji. Watazame kona zote, waweke alama kwenye kingo zilizo dhaifu na kwenye mafungu yanayoweza kutoa mchanga, kisha walete orodha hiyo kwa ofisi ya wadi. Tutakwenda nao kupima.